Mnaosoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), wanasayansi waliionaje kalsiamu ndani ya seli?

Nafundisha tuisheni ya kidato cha tano na sita hapa Mtwara, na mada ya seli kupashana habari huwatesa sana wanafunzi. Wanakariri: homoni, kipokezi (protini ya seli inayopokea ishara), kalsiamu, basi. Waulize mtu aliionaje hiyo kalsiamu ndani ya seli hai, kimya. Ushauri wangu ni huu: kila mkikutana na ishara mpya, ulizeni waliionaje. Jibu mara nyingi limo kwenye daftari lenu la kemia.

Seli iliyotulia huwa na kalsiamu huru kidogo mno, kama mara 10,000 pungufu ya iliyo nje yake. Ishara ikifika, kiwango hupanda ghafla. Ili kukiona, mwanakemia Roger Tsien na wenzake walitengeneza rangi iitwayo fura-2, iliyotangazwa mwaka 1985. Ikishika kalsiamu, namna inavyong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno hubadilika. Lakini kuishika kalsiamu kunahitaji makundi ya kaboksili yenye chaji hasi, na chenye chaji hakipenyi utando wa mafuta unaoizunguka seli. Wafanyeje, waidunge kila seli sindano? Tsien aliyageuza makundi yale kuwa esta, yaani aliyafunika yasiwe na chaji. Chaji ikafichika, rangi ikapenya. Humo ndani vimeng'enya vya seli vikazikata esta, chaji ikarudi, rangi ikanasa. Ni hidrolisisi ileile (kukata molekuli kwa maji) mnayoilalamikia kila muhula!

Mkishalielewa hilo, hata pilipili tunayopakia mihogo pale feri tukisubiri kivuko cha Msangamkuu inasomeka. Mwaka 1997 kundi la mwanasayansi David Julius lilichukua jeni za neva za hisia, likaziingiza mafungu mafungu katika seli zisizojali pilipili, likazitia fura-2, kisha likazimwagia kapsaisini, ile kemikali inayowasha. Fungu ambalo kalsiamu yake ilipanda ndilo lililobeba kipokezi, TRPV1. Kipokezi hicho hufunguliwa pia na joto la kuanzia nyuzi 43 hivi, kwa hiyo anayesema pilipili imemuunguza hajakosea sana. (Maji hayamsaidii, kapsaisini haiyeyuki vizuri majini. Mpeni maziwa.) Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Sasa chukueni adrenalini. Kabla ya kufungua daftari la biolojia, ichoreni, mtazame makundi yake ya OH na ile amini yenye chaji, mwamue kama itapenya utando. Kisha ichoreni estrojeni, mtajua kwa nini kipokezi chake kikuu kiko ndani ya seli.