Kuwinda swala na ndugu: chagua watu kabla ya kuchagua bunduki

Mwezi wa saba ukikaribia, simu zinaanza kuingia. Ndugu, majirani, hata watu niliosoma nao Dodoma zamani, wote wana swali moja: mwaka huu tunaenda? Baada ya hapo wanataka kujua bunduki gani, risasi gani, gari la nani. Mimi huwauliza kwanza, unakwenda na nani? Nimewinda swala pala na tandala huku kwetu, upande wa Manyoni na Chemba, pamoja na mjomba wangu, kaka zangu, shemeji na marafiki. Kwa niliyoyaona, safari hufana au huharibika kutokana na watu waliopanda gari, kabla hamjaona hata unyayo mmoja.

Karatasi nitazipitia haraka kwa sababu hazina mjadala. Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na anayetaka kuwinda kwa ajili ya kitoweo anahitaji leseni inayotaja ni mnyama gani, wangapi, eneo lipi na tarehe zipi. Ulizia kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, mapema, si wiki ambayo mmeshakodi gari. Bunduki nayo ina leseni yake, na aliyeandikwa humo ndiye anayeibeba na kuipiga. Mapori ya akiba yanayotuzunguka, Swaga Swaga, Mkungunero, Muhesi, Kizigo, Rungwa, yana mipaka na yana wenyewe, kwa hiyo ujue mpaka uko wapi kabla hujashuka garini. Twiga haguswi kabisa. Hakuna kuwinda usiku, hakuna kummulika mnyama kwa taa, hakuna mitego ya nyaya, hakuna kupiga ukiwa garini wala ndani ya mita 200 kutoka kwenye gari. Mtu akikwambia "huku nani atatuona," mshushe kituo cha basi kinachofuata. Huyo atawafikisha mahakamani nyote.

Sasa hao watu. Kundi dogo ni bora. Dume zima la swala pala lina uzito wa kilo 60 hivi, na ukishatoa ngozi, kichwa, utumbo na mifupa mikubwa, nyama ya kugawana ni karibu nusu yake. Mkiwa watu kumi na leseni ya swala mmoja, kila mtu ataondoka na kifurushi kidogo na kinyongo kikubwa. Hata bila hesabu ya nyama, watu kumi hawawezi kunyamaza pamoja. Swala pala ana masikio makali. Mmoja akishtuka hupiga ile sauti ya kukoroma kupitia puani, na kundi zima linaruka. Kikohozi kimoja kinatosha.

Mimi huangalia mambo matatu kwa mtu anayeomba kuja. Je, anaweza kukaa bila kuongea kwa saa nzima? Je, akiambiwa na mkubwa wake "acha," anaacha bila kuuliza mara mbili? Na je, anakunywa? Sina ugomvi na anayekunywa nyumbani kwake, lakini pombe na bunduki havipandi gari moja, hata kama chupa ni ya "jioni tukishamaliza." Nimekataa kumchukua rafiki yangu wa karibu kwa sababu hiyo. Alininunia, kisha yakaisha.

Lazima pia muwe na mmoja mwenye kauli ya mwisho, na ajulikane kabla ya kuondoka. Kwetu ni mjomba. Siku hizi habebi bunduki, magoti yanamsumbua, lakini yeye ndiye anayesema twende, tusimame, turudi. Mwenye bunduki akiwa ndiye msemaji wa mwisho, hamu yake ya kupiga inakuwa ndiyo sheria ya siku hiyo. Bora kauli iwe kwa mtu ambaye hana cha kuthibitisha.

Lakini neno "hapana" ni la kila mtu. Hiyo ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote, na ningependa kila familia inayokwenda porini iichukue. Yeyote kundini, hata mtoto aliyekuja kubeba maji, akisema hapana, bunduki inashuka kwanza, maelezo baadaye. Tulikuwa upande wa Manyoni, asubuhi, mdogo wangu ameshapata shabaha ya swala aliyesimama pembeni ya kichaka. Kiwiliwili kilionekana vizuri, kichwa kimezibwa na majani. Binti yangu alikuwa hatua chache kulia kwetu akiwa na darubini, na kutoka pale alipokuwa aliona tusichokiona.

"Baba mdogo, hapana. Ni jike, ana mtoto nyuma yake."

Alinong'ona tu. Mdogo wangu akashusha bunduki, na mjomba akamwambia binti, "Asante, mjukuu wangu." Hakuna aliyesema kwamba mtoto ametukosesha nyama. Laiti mmoja wetu angesema hivyo, siku nyingine asingefungua kinywa.

Kwa swala pala na tandala ni rahisi kutofautisha: dume ana pembe, jike hana. Kwa hiyo usipoona kichwa, usipige. Na kadiri msimu unavyosogea kuelekea Oktoba na Novemba majike wengi huwa na mimba kubwa, maana ndama huzaliwa mvua zinapoanza. Tafuteni makundi ya madume watupu, yale ya vijana ambao hawajapata himaya. Yapo, mkiwa na subira.

Kuhusu usalama kati yenu wenyewe, kuna jambo nililijifunza kwa ndugu yangu anayeishi Marekani, kwenye jimbo la Pennsylvania, ambako familia nzima nzima huenda kuwinda kulungu mwezi wa kumi na moja. Kule huvaa vizibao vya rangi ya chungwa inayong'aa. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani mnyama atawaona kutoka mbali. Kumbe macho ya kulungu hayapambanui rangi hiyo na majani kama yetu yanavyofanya, na swala wetu ni hivyo hivyo. Wao hushtushwa na mwendo, sauti na harufu. Tangu hapo kila mtu kwetu hufunga kitambaa cha rangi ya chungwa kwenye kofia na kifuani. Vichaka vya Itigi ni vizito, mtu akipotea hatua ishirini humwoni tena, na risasi haichagui. Nguo nyeusi na za buluu acheni nyumbani kabisa, zinaita mbung'o.

Upepo nao usiupuuze. Julai na Agosti upepo wa Dodoma hauna huruma, na unaweza kudhani unajua unatoka wapi kumbe kwenye bonde unageuka. Mjomba hubeba majivu kwenye kifuko cha kitambaa chepesi. Anakitikisa kidogo, anaangalia vumbi linaelekea wapi, anabadilisha njia. Majivu ya jikoni hayauzwi popote na yanashinda vifaa vingi vya bei.

Risasi yenyewe ina maneno machache. Lenga nyuma ya bega, mahali penye mapafu na moyo, mnyama akiwa amesimama ubavu. Usipige anayekimbia. Usipige kundi ukitumaini mmoja ataanguka. Kama mkono unatetemeka, au kaka yako anakuhimiza "piga, piga," ondoa kidole. Na mazoezi ya shabaha yafanyike mahali panaporuhusiwa, siku nyingi kabla ya kwenda.

Kazi kubwa iko baada ya mlio wa bunduki, na hapa ndipo utawajua watu wako.

Mwaka mmoja tulikuwa na mzee wa Kisandawe kutoka Kwa Mtoro, aliyekuja kutusomea nyayo. Wasandawe wanajulikana kwa uwindaji tangu enzi za upinde na mshale, na mzee huyu alisoma udongo huku anatembea. Shemeji alimpiga tandala dume ikiwa imeshapita saa kumi jioni. Mnyama aliruka, akaingia kichakani. Vijana wakataka kukimbia nyuma yake. Mzee akakaa chini, akatoa ugoro wake.

"Kaeni," akasema. "Mkimfukuza sasa, atakwenda mpaka Singida."

Tukakaa nusu saa. Ni nusu saa ndefu kuliko zote utakazozijua, lakini ndiyo kanuni: mnyama aliyejeruhiwa asipofukuzwa hulala karibu, na akifukuzwa hutumia nguvu zake zote kukimbia. Kisha tukaenda mahali aliposimama. Mzee akaokota jani lenye damu, akatuita wote tulione. Damu ya mapafu ni nyekundu angavu na ina povu. Hii ilikuwa nyeusi nyeusi, na ndani yake mna vipande vya majani yaliyotafunwa. Tumbo. Akatikisa kichwa, akasema tusubiri tena. Jua lilikuwa linashuka.

Giza likatukuta kwenye nyayo. Tukaweka alama kwa vitambaa kwenye matawi, tukalala pale pale, baridi ya Julai ikitukata mifupa. Usiku ule kijana mmoja, rafiki wa mdogo wangu, akatoa wazo: asubuhi tumwache huyo, tutafute mwingine, leseni si bado ipo? Mjomba akamjibu kwa upole, "Mwanangu, leseni imeshatumika. Yule ndiye mnyama wetu, tumpate tusimpate."

Tulimpata asubuhi, saa tatu. Fisi walishatangulia. Hapakuwa na nyama ya kubeba. Mjomba akaomba leseni, akajaza tandala yule mbele yetu wote, na tukarudi nyumbani na mahindi ya kuchoma tuliyonunua njiani. Shemeji hakulaumiwa kwa maneno, lakini tangu siku hiyo tuna kanuni mpya: baada ya saa kumi jioni hakuna kupiga, labda mnyama awe karibu na amesimama wazi kabisa. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, na mnahitaji muda wa kufuata. Na nyayo zikivuka mpaka kuingia pori la akiba, simameni, mtafuteni askari wa wanyamapori. Msivuke na bunduki hata kama mnaona damu mbele yenu.

Mnyama akipatikana yu hai, ni kuchinja upesi. Familia yetu ni mchanganyiko: sisi Wagogo wengi ni Wakristo, shemeji na watu wake ni Warangi wa Kondoa, Waislamu. Ndiyo maana kisu hushikwa na Mwislamu, siku zote, na tunahakikisha yupo wa kushika. Nyama ambayo nusu ya ukoo haiwezi kuila hata kuileta nyumbani ni aibu. Kama kundi lenu lote ni Wakristo na mtagawia majirani Waislamu, fikirieni hilo kabla ya kuondoka, si mezani.

Mkikuta mnyama amekufa mwenyewe, hasa akiwa ametokwa damu puani, mdomoni au nyuma, msimguse, msimpasue, msiwaruhusu mbwa kumsogelea. Inaweza kuwa kimeta, na kimeta huua watu. Toeni taarifa kwa ofisi ya mifugo au wanyamapori. Nyama ya bure ya namna hiyo ikataeni hata akiileta mjomba mwenyewe.

Joto la mchana likishapanda, nyama haisubiri hadithi. Toeni utumbo haraka bila kutoboa kibofu wala tumbo, mning'inizeni kivulini, mfunikeni kwa shuka jepesi kuzuia nzi. Ini huchomwa siku ile ile, na kwetu wa kwanza kuonja ni msoma nyayo. Nyingine tunaianika kuwa kimoro, maana njia ni ndefu na vumbi halina haya. Leseni ikae mbele kwenye gari, si chini ya mizigo. Mkisimamishwa kwenye kizuizi na hamna karatasi, mna nyara za serikali mikononi. Kuuza pia msithubutu. Biashara ya nyamapori ina leseni yake na mabucha yake, kwa kanuni za mwaka 2020.

Mgao upangwe kabla. Sisi tunakubaliana nyumbani kwa mjomba, tukila ugali wa mtama na mlenda: shingo kwa msoma nyayo, paja moja kwa wazee wasioweza kwenda, kilichobaki sawa kwa sawa, aliyepiga asizidi aliyebeba maji. Wapo wanaompa mpigaji zaidi. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mtu akijua risasi yake itamletea paja, atapiga hata pale asipopaswa.

Msimu ukifungwa Desemba tunakaa tena kwa mjomba kutaja nani atakuja mwakani. Yule kijana aliyetaka tumwache tandala yumo. Tangu ule usiku amekuwa wa kwanza kukaa chini mzee akisema kaeni. Binti yangu yumo, na darubini sasa ni yake. Jirani yetu mmoja, aliyemkatisha mzee maneno mbele ya nyayo, hatukumtaja.