Mnyama bila lebo ni kitoweo

Kila vyuo vinapofunga, Muheza hushusha vijana wenye mabegi makubwa, tochi mpya za kichwani na hamu ya kupanda Amani, kwenye misitu ya milima ya Usambara, kukamata kinyonga. Ninyi ndio ninaowaandikia, pamoja na wenzenu wanaobaki Tanga mjini kwa ajili ya samaki. Niwaambie mapema: kukamata si kazi. Mtoto aliyezaliwa kandokando ya mto Zigi atakujazia vyura ndoo nzima kabla hujamaliza kufunga kamba za buti. Kazi ni kuandika ulimtoa wapi, lini, akiwa anafanya nini, na kuandika kwa namna ambayo mtu asiyekujua ataelewa wewe ukiwa hupo.

Chukua kinyonga wa pembe mbili. Kwa miaka mingi, vinyonga wenye madume ya pembe mbili puani, wawe wametoka milima ya Nguru au ya Usambara, waliandikwa jina la kisayansi fischeri, na vitabu vikaonyesha spishi moja iliyotapakaa juu ya milima kadhaa. Mwaka 2008 watafiti walizirudia sampuli za makumbusho, wakalinganisha umbo la pembe, kishungi cha kichwa, magamba na vinasaba, na yule mmoja akawa wengi. Fischeri mwenyewe akabaki upande wa Nguru. Usambara Magharibi ikapata multituberculata. Usambara Mashariki, ambako ndiko Amani iliko, ikapata wawili: matschiei na vosseleri. Wala majina hayo hayakuwa mapya. Wataalamu wa Kijerumani na wa Austria walikwisha kuyatoa zaidi ya miaka 90 nyuma, yakaja kufukiwa chini ya jina moja, kisha yakafufuliwa. Vosseler mwenyewe alikuwa mtaalamu wa wanyama pale pale Amani, kwenye taasisi ya utafiti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902.

Sasa weka mbele yako chupa yenye kinyonga mzuri, pembe zote mbili zimesalimika, ila lebo imeandikwa “Usambara”, basi. Usambara ipi? Kati ya Mashariki na Magharibi limelala bonde la Lwengera, joto tupu, na kinyonga wa msitu wa milimani hashuki huko akavuka kwenda kuoa ng'ambo. Neno moja tu lililokosekana, “Mashariki”, linakulazimu uanze upya kuhesabu magamba. Na akiwa jike, asiye na pembe za kujivunia, utasumbuka zaidi.

Kwa hiyo lebo yako iwe na nini? Nchi, mkoa, wilaya, msitu, kijiji kilicho karibu. Usiishie kwenye jina la kitongoji, maana majina ya vitongoji hujirudia kila penye mto na kila penye mtu maarufu. Nambari za GPS, na pembeni yake uandike mfumo wa vipimo vya ramani uliotumia. Hili la mfumo wengi hulidharau. Simu yako inasoma kwa WGS84, lakini ramani za zamani za nchi yetu zimechorwa kwa Arc 1960, na ukichanganya hivyo viwili unahama karibu mita 300. Kwenye tambarare huenda isikuudhi. Kwenye mteremko wa Amani, mita 300 zinakutoa msituni kabisa na kukutua katikati ya shamba la chai, halafu mtu anakuja kuandika kwamba chura wako anaishi kwenye chai. Andika pia mwinuko kutoka usawa wa bahari. Tarehe, mwezi uandikwe kwa herufi: 5/7 kwa Mmarekani ni Mei, kwako ni Julai. Saa. Alikuwa juu ya nini, na urefu gani kutoka chini.

Andika kwa penseli. Wino wa kalamu za kawaida huyeyuka ndani ya alkoholi ukabaki na karatasi nyeupe na mnyama asiye na kwao. Lebo iingie ndani ya chupa, ifungwe mguuni kwa uzi. Iliyobandikwa nje hubanduka, au kifuniko kikabadilishwa na mtu mwenye haraka.

Kuhusu mpangilio wa kazi yenyewe, nitasema kwa ufupi kwa sababu wasimamizi wenu watawafundisha. Picha kwanza, mnyama akiwa hai, kwa maana rangi itapotea. Kisha, kama una kibali cha kuchukua sampuli, kipande kidogo cha ini au msuli kiingie kwenye alkoholi kali ya asilimia 95 au zaidi, KABLA mwili haujaguswa na fomalini. Fomalini inakaza mwili vizuri lakini inaharibu vinasaba. Baada ya hapo ndipo fomalini ya asilimia 10, yaani ile ya dukani sehemu moja kwa maji sehemu tisa, ukiwa umevaa glavu na mahali penye hewa. Siku zikipita, osha kwa maji, hamishia kwenye alkoholi ya asilimia 70. Mlaze mnyama vidole vikiwa vimekunjuliwa tangu mwanzo. Chura aliyekauka amefumba kiganja hawezi kuonyesha ncha za vidole wala ngozi iliyo katikati yake, na hizo ndizo tunazozitazama kwanza.

Anatomia naomba nikae nayo kidogo, kwa sababu hapa ndipo macho ya mgeni yanapodanganywa. Wakulima wa huku wakilima bustani penye udongo mweusi wenye majani yaliyooza, jembe hufukua kitu chembamba, kirefu, kisicho na miguu, na watu husema ama ni nyungunyungu mkubwa ama ni nyoka. Mara nyingine kweli ni nyungunyungu. Mara nyingine ni nyoka kipofu. Na mara nyingine ni sisilia, amfibia asiye na miguu, ndugu wa chura. Mmoja wao, Boulengerula boulengeri, alielezwa kisayansi na Tornier mwaka 1896 kutokana na wanyama wa Usambara hii hii.

Namna ya kuwatofautisha: mweke kwenye kiganja kilicholowa. Mtazame mdomoni. Nyungunyungu hana taya. Sisilia anayo, na ukifungua kwa ncha ya kibiriti kwa upole utaona meno. Hapo umekwisha kumtoa nyungunyungu. Sasa nyoka. Pitisha ukucha taratibu kutoka mkiani kwenda kichwani. Nyoka kipofu ana magamba madogo yanayong'aa, yanakwaruza ukirudi nyuma. Sisilia anateleza, ngozi ina unyevu na pete zinazozunguka mwili. Kisha mgeuze utazame nyuma. Nyoka ana mkia, hata kama ni mfupi na una mwiba nchani: tundu lake la haja liko kabla ya mwisho. Sisilia mwili unaishia pale pale penye tundu. Na kati ya jicho na pua ana kinyuzi kidogo cha kunusia kila upande, ambacho hakuna amfibia mwingine anacho. Kuna wengine hapa Usambara, jenasi ya Scolecomorphus, ambao jicho limeshikana na kile kinyuzi chenyewe, kinyuzi kikitoka jicho nalo linatoka. Nimewahi kumwonyesha mzee mmoja mkulima, akalitazama lile jicho kwa muda, akasema, “Basi huyu ananiona ninavyomlima.”

Usiamini sura tu. Perere anayepiga kelele usiku juu ya miti hadi wageni wanakosa usingizi, ukimwona utadhani ni panya aliyenenepa. Tazama kucha zake za mguu, fupi na bapa kama vikwato vidogo, na meno ya mbele ya juu yanayoendelea kukua. Jamaa zake wa karibu ni tembo, na nguva wa baharini.

Tushuke pwani. Samaki aitwaye silikanti ndiye aliyeipa Tanga jina duniani kwa upande huu wa elimu. Wataalamu walikuwa wanamjua kwa mabaki ya mawe tu, wakiamini alitoweka pamoja na dinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu Tanzania mmoja alinaswa karibu na Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, na muda si mrefu wakaanza kunaswa Tanga, Kigombe ikiwamo, kwenye majarife ya papa yanayotegwa maji marefu. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Lakini kinachonifurahisha mimi ni cha mwaka 2011: uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa silikanti wa kaskazini mwa pwani yetu ni kundi lao wenyewe, tofauti na wale wa kusini na wa Komoro. Jambo hilo lisingejulikana kamwe kama samaki wale wangepelekwa maabara wakiwa wameandikwa “Tanzania”. Kila mmoja alikuja na mahali pake.

Ukipigiwa simu na nahodha kwamba jarife limemleta silikanti aliyekwisha kufa, usikimbilie kisu. Mpime urefu. Piga picha ubavu wa kulia na wa kushoto, kwa sababu madoa yake meupe hutofautiana samaki kwa samaki, ndiyo alama yake ya kumtambulishia. Mwulize nahodha alitega wapi, kina gani, saa ngapi alitega na saa ngapi alivuta. Kata kipande cha pezi, kitie alkoholi. Halafu sasa shangaa upendavyo: yale mapezi manne yenye shina la nyama na mifupa ndani, ule mkia wenye kipande cha tatu katikati, na badala ya pingili za uti wa mgongo, mrija uliojaa maji. Kama akiwa hai, hana haja nawe wala wewe huna haja naye, arudishwe. Yumo kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, si samaki wa kuuzwa.

Kuuliza watu kuna ufundi wake. Watu wa pwani na wa milimani huku wana adabu kwa mgeni. Ukifungua kitabu chenye picha ukauliza, “Huyu yupo hapa?” utajibiwa yupo, kwa sababu umetoka mbali na hawataki urudi mikono mitupu. Ukipeleka picha ya simba wa milima ya Marekani, naye yupo. Amkia kwanza, kaa, kunywa chai kama imeletwa. Kisha uliza kinyume: “Mzee, wanyama gani wanaopatikana hapa usiku?” Mwache ataje mwenyewe, aeleze rangi, sauti, anakula nini. Na jihadhari na majina, kwani jina moja la wavuvi, mfano changu au pono, hubeba spishi nyingi. Mwombe akuonyeshe samaki, usiridhike na kutajiwa.

Kingine ambacho vijana hawakipendi: andika ulipokosa. Usiku mmoja mmezunguka watu wawili kwa muda wa saa tatu mkiwa na tochi, hamkuona kinyonga hata mmoja. Huo si usiku uliopotea. Andika njia, saa, watu, hali ya hewa, na sifuri. Ramani ya mtawanyiko isiyo na sifuri inaonyesha tu mahali barabara zinapopita. Ndiyo maana Amani imejaa nukta na misitu ya chini kama Segoma na Kwamgumi ina chache: kule hakuna nyumba ya wageni yenye chai ya maziwa. Tazama yule ndege mdogo mwenye jina la Moreau, bwana aliyefanya kazi Amani kuanzia 1928 hadi 1946. Anajulikana Usambara, kisha hakuna, hakuna, mpaka Njesi kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya kilomita 900. Ni kweli katikati hayupo, au hakuna aliyemtafuta akaandika? Bila sifuri za watu huwezi kujibu.

Vibali. COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa utafiti, TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori) kwa wanyamapori, kisha ofisi ya hifadhi husika, kisha serikali ya kijiji. Hiyo ya mwisho msiiruke eti mna karatasi yenye mhuri wa juu. Mwenyekiti amewaona wengi, waja leo waondoka leo, na anakumbuka nani alirudi kumwonyesha alichopata. Mwachie nakala ya orodha yako, kwa Kiswahili.

Na hapa kuna jambo linalopingana na yote niliyosema. Vinyonga wa Usambara waliwindwa sana kwa biashara ya wanyama wa kufuga Ulaya na Marekani, na ingawa serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, wanunuzi bado wanasoma tunachochapisha. Nambari kamili za GPS ziwe kwenye lebo, kwenye daftari na makumbusho. Kwenye mitandao weka jina la msitu tu. Picha ya simu nayo ina nambari ndani yake. Zifute kabla ya kuituma kwenye kundi la WhatsApp.

Mje na mvua. Vyura huongea Masika na Vuli, na sisilia hupanda karibu na uso wa udongo ukilowa. Vinyonga watafuteni usiku, wamelala kwenye ncha za matawi, tochi ikiwapiga wanang'aa weupe. Shikeni tochi usawa wa macho, si kifuani. Basi la kutoka Muheza wakati wa Masika hukwama, kwa hiyo pangeni siku moja ya ziada kila upande, na alkoholi isikae kwenye buti la gari pamoja na chakula.