Tamko la utumwa mamboleo: tuandike nini kuhusu vibarua wa mawakala?

SWALI: Mimi ni afisa ununuzi wa kampuni inayofungasha maharage machanga na njegere mkoani Arusha kwa soko la Uingereza. Mnunuzi wetu anataka tamko la kuzuia utumwa mamboleo katika mnyororo wetu wa ugavi. Waajiriwa wetu wote wana mikataba, ila wachumaji wa msimu huletwa na mawakala. Je, ukurasa mmoja unaosema kwamba hatuvumilii utumwa unatosha?

JIBU: Kifungu cha 54 cha Sheria ya Utumwa Mamboleo ya Uingereza ya mwaka 2015 kinaibana kampuni inayofanya biashara nchini humo na yenye mauzo ya kuanzia pauni milioni 36 kwa mwaka. Kila mwaka wa fedha hutakiwa kutoa tamko lililoidhinishwa na bodi na kutiwa saini na mkurugenzi. Ajabu ni kwamba sheria hiyo inairuhusu kutamka kuwa haikuchukua hatua yoyote. Anayebanwa, basi, ni mnunuzi wenu. Nanyi mnaulizwa kwa sababu bila maelezo yenu hana la maana la kusema juu ya mashamba ya Arusha. Neno "hatuvumilii" halimsaidii, kwa kuwa halimwambii mmetazama wapi.

Ushauri wangu ni kwamba msianze kuandika kabla hamjawatazama wale ambao hamuwalipi wenyewe. Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1930 unaieleza kazi ya shuruti kuwa ni ile anayotozwa mtu kwa tishio la adhabu, naye hakujitolea kwa hiari yake. Na adhabu si lazima iwe kiboko, kwani kunyimwa malipo ya wiki tatu kunatosha.

Katika shamba moja nililolikagua, karatasi ya malipo ya wakala ilikuwa na safu iliyoandikwa "mengineyo", na karibu kila jina lilikatwa kiasi kilekile kwa wiki sita mfululizo. Mnyapara alinieleza bila wasiwasi wowote kwamba hiyo ilikuwa nauli ya kuwaleta wachumaji kutoka mkoa mwingine, pamoja na "shukrani" ya kupatiwa kazi. Vitambulisho vyao vya NIDA vilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga kibandani kwa mlinzi, eti visipotee. Hakuna aliyepigwa wala kufungiwa, lakini hakuna aliyeweza kuondoka kabla deni halijaisha, na hesabu ya deni hilo aliijua mnyapara peke yake. Kushikiliwa hati na kufungwa na deni ni viwili kati ya viashiria 11 vya kazi ya shuruti vinavyotumiwa na ILO.

Kwa hiyo mwombeni wakala karatasi zake za malipo, mzilinganishe na fedha mlizomlipa, kisha mkazungumze na wachumaji jioni, mahali wanapolala, mnyapara akiwa hayupo. Swali la "je, unalazimishwa?" hujibiwa "hapana" daima, ulizeni badala yake, "Ulilipa nini kupata kazi hii, na ulimlipa nani?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kazi ya shuruti katika kifungu cha 6, na kifungu cha 28 kinaweka mipaka ya makato ya mshahara, hivyo safu ya "mengineyo" haina kinga hata hapa nyumbani.

Mkikuta kasoro, msimfukuze wakala siku hiyohiyo, maana wachumaji ndio watakaopoteza malipo wanayomdai. Warejesheeni kwanza fedha zao, mrudishe vitambulisho, ndipo mkataba mpya useme wazi kwamba gharama za kuajiri hubebwa na mwajiri. Mwambieni na mnunuzi jambo ambalo wengi huogopa kumwambia: agizo linaloongezwa saa tisa alasiri kwa ndege ya usiku huohuo ndilo linalozaa saa za ziada zisizo na hiari.

Kama mnauza pia Umoja wa Ulaya, harakisheni, kwa kuwa kuanzia tarehe 14 Desemba 2027 bidhaa iliyozalishwa kwa kazi ya shuruti itapigwa marufuku katika soko hilo, uwe mzalishaji mkubwa au mdogo.

Tamko lenyewe liseme mna mawakala wangapi, mmewakagua wangapi, mlikuta nini, nani alirejeshewa fedha na lini, na ni mashamba gani bado hamjayafikia. Ukurasa mmoja utatosha.