Programu ya Bili Ikigoma: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Barua za mwezi huu zimetoka Malindi, Lamu na Watamu, na karibu zote zinauliza: tuifute tusakinishe upya? Bado. Kwanza tujue imekwama wapi.

Swali: Assalaam aleikum. Hoteli yetu iko Malindi. Programu ya bili iko kwenye kompyuta ya mapokezi na hapo inafanya kazi vizuri, lakini kompyuta za baa na mkahawa zinasema seva haionekani. Tumesakinisha mara tatu. Hifadhidata ni SQL Server Express 2019. *Karani wa mapokezi*

Jibu: Waaleikum salaam. Mara ya nne haitasaidia, kwa sababu programu yenyewe haina kosa. SQL Server Express huja TCP/IP (njia ya kompyuta kuongea mtandaoni) ikiwa imezimwa, kwa hivyo husikilizana na kompyuta ile ile iliyomo tu. Ndiyo maana mapokezi mko sawa na baa wamekwama.

Kwenye seva, yaani kompyuta ya mapokezi, fungua SQL Server Configuration Manager, ingia "Protocols for SQLEXPRESS", uwashe TCP/IP. Ibofye mara mbili, nenda "IP Addresses", shuka mpaka chini kabisa penye "IPAll". Kwenye "TCP Dynamic Ports" futa kila kilichomo, hata sifuri. Kwenye "TCP Port" andika 1433. Ile sifuri wengi huiacha wakidhani ni nafasi tupu, kumbe inaiambia seva ijichagulie yenyewe poti (mlango wa mtandao). Kisha anzisha upya huduma ya SQL Server (SQLEXPRESS), la sivyo hakuna kilichobadilika.

Inayofuata ni faiawoli (ukuta wa ulinzi) ya Windows: ongeza kanuni ya kuruhusu TCP 1433 iingie, kwa mtandao wa "Private" peke yake. Poti hiyo msiifungue kwenye ruta kuelekea intaneti, hata fundi akiwaambia ni kwa muda tu.

Ipeni seva anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.20. Kwenye kompyuta ya baa fungua PowerShell, uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 1433

Ukiona "TcpTestSucceeded : True", njia i wazi na kilichobaki ni jina la seva ndani ya programu. Liandike 192.168.1.20,1433. Hapo katikati ni koma, si nukta mbili. Ukiweka nukta mbili utarudishiwa kosa lile lile na utadhani hujafanya lolote.

Ikisema "False", kabla ya kugusa kitu kingine tazama kompyuta ya baa imeshika Wi-Fi gani. Hotelini mara nyingi huwa imeshika ya wageni, na ruta nyingi huzuia vifaa vya Wi-Fi hiyo visionane na mtandao wa ofisi. Kwa wageni ni usalama, kwa bili ni balaa. Ihamishe, au bora uvute waya.

Na zile mara tatu: kufuta programu ya bili kwa kawaida hakufuti SQL Server wala faili zake za .mdf, zenye data yenyewe. Angalieni kwenye Services kama kuna SQLEXPRESS01, yaani SQL Server ya pili, kando ya SQLEXPRESS, msije mkaandika bili za leo kwenye hifadhidata tupu huku za zamani ziko mlango wa pili.

Swali: Nina duka la jumla Langoni, Lamu. Kisakinishi kinafika karibu na mwisho, kinarudi nyuma chenyewe, kisha kinatoa kosa 1603. Nimlete fundi kutoka Mombasa? *Mfanyabiashara*

Jibu: Usimlipie nauli bado. 1603 ni kosa la jumla tu. Ni sawa na mgonjwa kusema "naumwa" bila kutaja wapi. Sababu imeandikwa kwenye kumbukumbu za kisakinishi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, nenda kwenye folda yenye kisakinishi, kisha andika (badala ya bili.msi weka jina la faili lako):

msiexec /i bili.msi /l*v C:\kumbukumbu.txt

Kikianguka, fungua faili hilo kwa Notepad, utafute "Return value 3". Soma mistari kumi hivi iliyo juu yake. Jibu huwa hapo.

Yanayojirudia ni haya. Folda ya kusakinishia haimpi SYSTEM (akaunti ya Windows yenyewe) ruhusa kamili. Au kisakinishi kinaendeshwa kutoka diski ya mtandao, mfano Z:, ambayo msimamizi haioni. Kinakilie kwenye C: kwanza. Au stima ilikatika katikati ya masasisho ya Windows na kompyuta inasubiri kuzimwa na kuwashwa.

Kama mistari hiyo inataja .NET 3.5 (sehemu ya Windows ambayo programu nyingi huitegemea), Windows 10 huja nayo ikiwa haijawashwa na huivuta kutoka intaneti. Bando likiwa dhaifu utapata 0x800F0906. Tumia flashi yenye Windows ya toleo lile lile, tuseme imesoma kama D:

DISM /Online /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /LimitAccess /Source:D:\sources\sxs

Swali: Programu yetu hapa Watamu imekubali kusakinika, ila ikijaribu kuunganika na eTIMS ya KRA (mfumo wa ankara za kodi wa Mamlaka ya Mapato) inasema cheti si halali. Jana ilikubali, leo asubuhi imekataa. *Mhasibu*

Jibu: Tazama tarehe pembeni chini ya skrini. Kama usiku kompyuta ilichomolewa na leo inaonyesha mwaka wa nyuma, betri ya saa imekufa. Cheti cha usalama kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani ni miaka sita iliyopita hukiona cheti hicho hakijazaliwa.

Weka tarehe kwa mkono, eneo la saa liwe Nairobi, ndipo uandike w32tm /resync. Saa ikiwa imepotea sana Windows hukataa kuirekebisha yenyewe. Kisha badilisha betri, CR2032 kwenye kompyuta nyingi za mezani, ya volti 3. Dukani wakikupa CR2025, irudishe: upana ni ule ule wa milimita 20, lakini unene ni 2.5 badala ya 3.2, na huchezacheza kwenye kikombe chake. Ukiitoa ya zamani, angalia miguu ya shaba. Huku pwani chumvi huiotesha ukijani. Ipanguse kwa spiriti na uiache ikauke kabla ya kurudisha stima.