Unaniuliza uanzie wapi kujenga ndege ya zamani? Anza na mizani

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Mafinga aliniandikia inbox, ameiona ile video yangu ya sekunde 40 ndege ikiwa juu ya majani, akauliza kitu kimoja tu, "Kaka shikamoo, na mimi nataka kujenga hiyo, nianzie wapi?" Nikaanza kumjibu kwenye simu, nikaandika nikaandika mpaka kidole kikachoka, nikafuta yote nikasema hapana, hili nalileta hapa maana najua mko wengi mnaotaka kitu hikihiki.

Kwa wageni, ndege yenyewe inaitwa Demoiselle, aliibuni Alberto Santos-Dumont, Mbrazili mtoto wa mwenye mashamba ya kahawa aliyeishi Paris. Watu wengi wanamjua kwa ile ndege yake ya 14-bis aliyoirusha pale Bagatelle, Paris, 1906, ila kwangu mimi Demoiselle ndiyo kazi yake kubwa. Ya kwanza ilitoka 1907, akaiita namba 19, halafu ile iliyokomaa, namba 20, ni ya 1909. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni mita tano na kitu tu, yalivikwa hariri, injini iko juu ya kichwa chako na wewe unakaa chini katikati ya magurudumu mawili kama mtu aliyechuchumaa. Na yule bwana hakutaka hati miliki! Alitoa michoro bure, gazeti la Popular Mechanics la Marekani likaichapa 1910, mwezi wa sita na wa saba, yeyote anayetaka ajenge. Leo za asili ni za kutafuta kwa tochi, moja iko makumbusho ya Le Bourget kule Ufaransa.

Sasa sikia kilichonishika mimi. Mwili wa hiyo ndege ni mianzi. Mianzi mitatu mirefu imefungwa kwa vyuma na waya basi. Mimi ni mtoto wa Iringa jamani, nimekulia kwenye milanzi, babu yangu alikuwa anagema ulanzi asubuhi na jioni, matenga ya nyanya tumesuka wenyewe kwa mikono yetu. Leo niko Dayton, Ohio, mji wa akina Wright, wale ndugu wawili waanzilishi wa ndege, natengeneza makabati ya jikoni, siku moja nafungua kitabu maktaba naona ndege ya mwaka 1909 imejengwa kwa kitu ninachokijua kuliko mtu yeyote kwenye ule mtaa. Usiku huo sikulala.

Ya kwanza niliijenga miezi 14 na mwenzangu mmoja, na ile ndege haikuruka. Niliikimbiza kwenye uwanja wa majani, injini imefunguliwa yote, mkia unainuka vizuri kabisa lakini magurudumu hayaachi ardhi, nikageuza nikarudia, nikarudia tena, mara sita. Watu walikuwa wamekuja na watoto wao na vyakula. Ile safari ya kurudi nyumbani na trela nyuma, mke wangu hakusema neno na mimi sikusema neno.

Kesho yake ndio nikaazima mizani, kitu ambacho nilitakiwa kukifanya siku ya kwanza. Kilo 131. Hapa Marekani kanuni namba 103 ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, inasema ndege nyepesi ya kiti kimoja isizidi kilo 115 ikiwa tupu, tanki la mafuta lisizidi kama lita 19, ukiwa ndani ya hapo huhitaji leseni ya rubani wala ndege haihitaji cheti. Kwa hiyo mimi hata kwa sheria nilikuwa nje. Halafu nikapanda mwenyewe, kilo 92. Santos-Dumont alikuwa mtu mdogo, kama kilo 50 hivi. Yaani mabawa yaleyale ya mtu wa kilo 50 mimi nimeyapakia mtu karibu wawili, na ndege yenyewe nimeinenepesha.

Niliinenepeshaje? Kwa kuboresha. Nilimwona mzee yule kama hakumaliza kazi, nikachagua mianzi minene zaidi "kwa usalama", nikaweka kiti cha plaiwudi, nikaweka magurudumu makubwa, breki, kitambaa nikakipiga rangi koti tatu za ziada ili kingʼae kwenye picha. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kizito ukikishika mkononi. Vyote pamoja ndio vilinifunga chini.

Mwenzangu akasema tufunge injini kubwa. Nikamwambia injini kubwa inataka mafuta mengi, inataka fremu nzito ya kuishika, inataka propela kubwa, mwisho tumeongeza kilo 15 ili kubeba kilo 15, dawa ni kuivunja tuanze upya. Akaondoka. Hilo sio lililoniuma, mtu ana haki ya kuchoka, lililoniuma ni alivyokaa kwenye shughuli ya jumuiya yetu akaniita mtu aliyechanganyikiwa anayechezea mianzi ughaibuni wakati wenzake wanajenga nyumba kwao. Mbele ya mke wangu. Ni miaka mitatu sasa, tukikutana misibani tunasalimiana tu inatosha.

Nikaanza upya peke yangu na daftari. Hapa ndipo kijana wangu wa Mafinga nataka unisikilize. Kila kilichoingia kwenye ndege nilikipima kwa gramu nikaandika, boliti, nati, kipande cha waya, mpaka gundi, unapima kabla na baada. Kitambaa safari hii ni cha poliesta, unakivuta kwa pasi kinajikaza chenyewe, rangi nyembamba tu ya kukilinda, hapo peke yake niliokoa karibu kilo nne. Kilo nne za kungʼaa!

Mianzi ndiyo ilinisumbua. Mzigo wa kwanza niliununua Georgia, kusini huku, nikauweka gereji, baada ya mwezi nakuta unga mweupe sakafuni, umebunguliwa. Mimi mtoto wa Iringa! Nikampigia baba mdogo, akaniuliza maswali mawili, ulikatwa lini na ulikuwa na miaka mingapi. Nikakaa kimya. Akasema mwanangu, mwanzi mchanga una sukari, mdudu anaifuata, kata wa mwaka wa tatu kwenda juu, kiangazi, uloweke kwenye maji yanayotembea halafu ukaushe kivulini taratibu. Hayo yote babu alishanionyesha nikiwa na miaka tisa, nilikuwa nimeyasahau kwa kusoma vitabu vya injini.

Na usitoboe mwanzi ovyo. Boliti yangu ya kwanza ilipasua mwanzi wa mita nne kutoka pingili hadi pingili kwa mlio kama bunduki. Sasa naingiza kizibo cha mti mgumu ndani ya pingili, nazungushia uzi wa kitani na gundi pande zote mbili, ndipo natoboa kidogokidogo. Pale inapowezekana sitoboi kabisa, nabana kwa mkanda wa chuma chembamba.

Injini nilinunua ya mtumba, silinda mbili, ya kupoozwa kwa hewa. Namba 20 ilipoozwa kwa maji yanayozunguka kwenye mabomba chini ya mabawa, kitu kizuri sana kukiangalia, lakini maji ni uzito. Wapo walioniandikia kwamba basi hiyo sio nakala. Nimewasikia. Aliyeniuzia aliniapia imefunguliwa na kufungwa upya, nilipoifungua mwenyewe beringi zilikuwa zimekwisha, pesa yangu mpaka leo haijarudi. Fungua injini ya mtumba kabla ya kulipa, hata muuzaji akiwa anamtaja Mungu kila sentensi.

Halafu mwili wako mwenyewe. Miaka ya 60 kule Uingereza walijenga Demoiselle kwa ajili ya filamu, aliyeirusha ni Joan Hughes, mwanamke mdogo wa umbo aliyekuwa rubani wa kuhamisha ndege za kivita wakati wa Vita ya Pili. Nilivyosoma hiyo nilielewa kwamba rubani ni sehemu ya ndege, anapimwa kama boliti. Nilishuka kutoka 92 mpaka 74, miezi 11, ugali nusu na kutembea kila asubuhi hata kwenye theluji. Vijana wengi mnaniuliza bei ya injini, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu tumbo. Tunapenda sehemu inayonunuliwa, ile ya kujinyima tunairuka, halafu kitu kikigoma tunasema vifaa vya kwetu sio vizuri. Vifaa vya kwetu ni vizuri! Mtu wa Paris alichagua mwanzi akiwa na pesa ya kununua chochote.

Nilichukua pia masomo ya kuruka ndege ndogo, saa nyingi tu, maana sheria kutokulazimisha haina maana hewa itakuhurumia. Na hii haiendeshwi kama nyingine, kupinda mabawa kidogo ili ndege ilale upande kuna wenzo uliopachikwa mfukoni mgongoni mwa koti, unaegemea kushoto ndege inalala kushoto. Koti alilishona mke wangu.

Mwaka huu mwezi wa tano, saa kumi na mbili asubuhi, hakuna upepo. Ndege tupu kilo 109. Niliikimbiza kama siku ile, nikasikia ule mtetemo wa magurudumu umekata ghafla, nikadhani kuna kitu kimechomoka. Kumbe niko juu, mita tatu hivi. Nililia humohumo ndani ya helmeti.

Sasa kijana wangu, kanuni ya 103 ni ya Marekani, huko nyumbani kuna TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, nenda kawaulize kabla hujatumia hata shilingi. Nimeona picha ya mianzi ya kwenu uliyonitumia. Ule wa kushoto usiuguse, umegemwa, ncha ilikatwa ukiwa mchanga. Kata mmoja wa mwaka wa tatu, uloweke kama nilivyosema, utoe pingili moja uiweke darini. Ipime leo, ipime tena mwezi ujao, uniandikie namba zote mbili.