Swali la lugha: "Mchimbaji wa ridhaa" wa dinosaria, inakaa sawa?

Msomaji mmoja kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Natafsiri habari ya ile dinosaria aina ya T. rex inayoitwa Sue. Aliyeiona hakuwa msomi wa dinosaria, na waliochimba ni kampuni ya biashara. Nimeandika 'mchimbaji wa ridhaa' na 'wachimbaji wa kulipwa' kama tunavyosema kwenye ndondi, mhariri kakata kwa kalamu nyekundu bila kusema sababu. Kosa langu liko wapi?"

Marahaba. Mhariri yuko sahihi ila kukata bila kueleza nayo si kazi.

Kwanza nikupe haki yako, ndondi za ridhaa na ndondi za kulipwa ni maneno yamezoeleka, kila mtu anaelewa huyu anapigana kwa mapenzi yake na yule anapigana kwa hela. Shida ni kwamba "ridhaa" nje ya ulingo inarudi kwenye maana yake ya siku zote, kuridhia, kukubali, ndo maana hospitali unasaini fomu ya ridhaa kabla ya kupasuliwa. Na wewe umelipeleka neno hilo kwenye habari ambayo ugomvi wake wote ulikuwa ni nani aliridhia na nani hakuridhia!

Angalia ilivyokuwa. Agosti 12, 1990, Dakota Kusini, gari lina pancha, wenzake wameenda mjini kushughulikia tairi, Sue Hendrickson kabaki na mbwa wake akaona bora akazunguke kwenye genge moja ambalo walikuwa hawajalipitia (genge la mwamba jamani, siyo la nyanya na vitunguu). Chini akakuta vipande vya mfupa, akainua macho, mifupa mingine mikubwa imetokeza kwenye ukuta wa genge. Kampuni aliyokuwa akifanya nayo kazi, Black Hills Institute, wakampa Maurice Williams, mwenye eneo, dola 5,000, wakachimba wakaondoka nayo. Kumbe ardhi ile ilikuwa ndani ya eneo la Wahindi Wekundu la Cheyenne River na serikali ya Marekani ndo imeishikilia kwa niaba ya Williams, kwa hiyo 1992 FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakaja wakabeba mifupa yote, na mahakama ikaja kusema mfupa ulio ardhini ni sehemu ya ardhi, Williams hawezi kuuza bila serikali kuridhia. Sasa msomaji wako akikutana na "mchimbaji wa ridhaa" humo ndani ataelewa nini? Ataelewa huyu ndo alikuwa na kibali! Umegeuza kesi juu chini kwa neno moja.

Hiyo "ya kulipwa" ndo mbaya zaidi. Kwenye ndondi anayelipwa ndo mfanyabiashara, sawa, ila kwenye visukuku (mabaki ya viumbe wa kale kama hiyo mifupa) anayelipwa mshahara kila mwezi ni yule msomi wa makumbusho, na hao wa kampuni wanaweza wakachimba mwaka mzima wasipate senti mpaka apatikane mteja. Hapa kwetu Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walipokuwa wanachimba yule mjusi mrefu aliyesimamishwa Berlin, Boheti bin Amrani aliyesimamia wachimbaji alikuwa analipwa, na vibarua na wapagazi waliobeba mizigo kwa miguu hadi Lindi mjini walikuwa wanalipwa, ujira kiduchu lakini wanalipwa, kwa hiyo kwa hesabu yako wote hao ni sawa na Black Hills? Hapana. Andika "wafanyabiashara wa visukuku" au "kampuni inayochimba visukuku na kuuza", yaani sema wanafanya nini.

Najua utauliza, basi niweke "mchimbaji mdogo"? Usithubutu, hilo Tanzania lina mwenyewe. Saniniu Laizer alipouza yale mawe makubwa ya tanzanaiti Juni 2020 aliitwa mchimbaji mdogo wakati kapata mabilioni, kwa sababu udogo pale ni wa leseni na siyo wa mfuko. "Broka" nayo haifai, broka anakutanisha muuzaji na mnunuzi. Jason Cooper wa Colorado alimwona mwenyewe yule dinosaria aina ya stegosaria aliyepewa jina la Apex kwenye ardhi yake mwaka 2022, akamchimba, Julai 2024 akauzwa mnadani kwa dola milioni 44.6. Hapo broka yuko wapi.

Sasa kwa yule asiye msomi na asiyeuza, kiukweli sioni neno moja linalotosha. "Mwanagenzi" ni anayejifunza, "wa kujitolea" ni anayesaidia kazi ya wengine bila malipo, "kanjanja" ni tusi kabisa. Mi namtaja kwa kazi yake. William Walker wa Uingereza alikuwa fundi bomba, mwaka 1983 akiwa kwenye shimo la udongo wa matofali huko Surrey akapata ukucha wa karibu sentimeta 31, mnyama mwenyewe akaja kuitwa Baryonyx walkeri kwa heshima yake. Ukiandika "fundi bomba aliyependa kutafuta visukuku" msomaji kashapata picha nzima, ukiandika "mtafutaji wa ridhaa" anabaki anakuna kichwa.

Kwa hiyo sentensi yako mi ningeiandika hivi: "Mifupa hiyo iligunduliwa na Sue Hendrickson, mtafuta visukuku asiye na digrii ya fani hiyo, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni inayochimba visukuku na kuviuza." Ni ndefu kidogo, mwambie mhariri avumilie.

La mwisho, mahali fulani umeandika "dinosaria huyo wa kike". Sue ni jina la huyo dada aliyemwona, mnyama mwenyewe haijulikani alikuwa dume au jike, hata pale makumbusho ya Field Museum, Chicago, waliompata mnadani 1997 kwa dola milioni 8.36. Waandishi wa Kiingereza inawabidi wachague wamwite vipi, wewe una "a-" yako tayari, andika tu "alikuwa na meno makubwa" na umemaliza.