Maswali na Majibu: Miraa, Jani Lisilosubiri Kesho

Wasomaji kadhaa wa Nakuru, Kisumu na Magharibi wameniletea maswali kuhusu miraa: asili yake, jinsi inavyolimwa na inavyomfanya mtu anayeitafuna. Nimeyajibu moja baada ya jingine, na mengine yamenichukua nafasi kubwa kwa sababu yanastahili.

Kwa nini miraa hufungwa kwa majani ya mgomba, na kwa nini ya jana huuzwa kwa bei ya kutupa? (Msomaji wa Nakuru)

Ndani ya majani machanga na gome laini la miraa mna kemikali iitwayo kathinoni, na hiyo ndiyo inayomchangamsha mtafunaji. Kathinoni haidumu. Tawi likishakatwa na kuanza kunyauka, kemikali hiyo hugeuka kidogo kidogo kuwa nyingine iitwayo kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo sana, hata baada ya siku mbili hivi mnunuzi huwa amelipia uchungu mtupu. Jani la mgomba hukinga jua na upepo na kuhifadhi unyevu, kwa hiyo hupunguza mwendo wa mabadiliko hayo, ingawa haliyazuii.

Juzi alasiri nilisimama kando ya kibanda kimoja mjini wakati mzigo ulikuwa umeshushwa punde tu. Muuzaji alikata kamba ya gome la mgomba, akafunua jani la nje lililokuwa bado limelowa, akachomoa kijiti kimoja chekundu na kukichuna gome kwa ukucha. Gome lilitoka utepe mrefu, lina maji. Hapo ndipo alipotaja bei, na wateja waliokuwa wakisubiri hawakubishana naye. Fungu la jana lilikuwa pembeni, juu ya gunia, wala hakuna aliyeligusa.

Tabia hiyo ya jani iliwapoteza hata wanasayansi. Kathini ilitambuliwa mwaka 1930, na kwa miongo kadhaa wataalamu waliamini kwamba ndiyo siri ya miraa, kwa kuwa majani yaliyowafikia yalikuwa yamekwisha kukauka. Ni mwaka 1975, maabara ya Umoja wa Mataifa ilipochunguza majani mabichi, ndipo kathinoni ilipopatikana. Jambo ambalo kila mchuuzi wa mji wa Maua, huko Meru, alilijua kwa vidole vyake liliwachukua wakemia miaka 45 kulithibitisha.

Je, miraa ililetwa na Waarabu, au ni mti wetu? (Msomaji wa Kisumu)

Ni mti wa upande huu wa bahari. Huota wenyewe katika nyanda za juu kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, na ukiachwa msituni hurefuka kupita mita 15. Maandishi ya kale yanayoutaja yanatoka Ethiopia: historia ya vita vya mfalme Amda Seyon, katika karne ya 14, inasimulia jinsi mtawala Mwislamu wa Ifat alivyojigamba kwamba angeuteka mji wa mfalme huyo na kupanda humo chati, yaani mti huu huu. Yemen nayo imeulima kwa karne nyingi, na huko ndiko mtaalamu wa mimea Peter Forsskål, aliyekuwa katika msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark, alikouingiza katika vitabu vya elimu ya mimea kwa jina la Catha. Alifia huko huko Yemen mwaka 1763, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1775.

Kwetu Kenya, kitovu chake ni milima ya Nyambene, katika nchi ya Igembe na Tigania huko Meru. Wakulima wa huko walikuwa na miti hii kabla ya mkoloni kufika, na mingine iliyopandwa na mababu ingali inachumwa hadi leo. Miti hiyo mikongwe huitwa mbaine, na vijiti vyake huthaminiwa kuliko vyote. Miraa pia ina heshima yake katika mila: fungu lililofungwa vizuri hupelekwa kwa wazee wakati wa posa, na familia ikilipokea, mazungumzo yameanza. Ninalitaja hili kwa sababu watu wengi wa huku kwetu wameijua miraa ya vibandani peke yake, wakadhani haina zaidi ya hapo.

Miraa na muguka ni mimea miwili tofauti? Na mbona “kilo” ya miraa haipimwi kwa mizani? (Msomaji wa Bungoma)

Ni mmea mmoja wenye namna mbili. Miraa ya Meru huvunwa vijiti na kutafunwa gome pamoja na majani laini ya kileleni. Muguka hulimwa zaidi Embu, hasa nchi ya Mbeere, kwenye vichaka vifupi, na huliwa majani peke yake. Kwa kuwa bei yake ni nafuu, umewafikia vijana wengi zaidi, na ndiyo sababu umezua ugomvi mkubwa. Mnamo Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliupiga marufuku, na Rais akatangaza kwamba marufuku hizo hazina nguvu kwa kuwa sheria ya nchi inautambua kama zao. Binafsi naona wazazi wa Pwani walikuwa na kilio cha kweli, na mkulima wa Mbeere naye ana watoto shuleni. Marufuku ya ghafla haikumjibu hata mmoja wao.

Kuhusu kilo, hilo ni jina la kibiashara tu. Kilo ya miraa ni fungu kubwa lililokusanya vifungu 10 vidogo.

Sisi Kericho tunakausha chai na kuiuza duniani kote. Kwa nini miraa isifanyiwe hivyo? (Msomaji wa Kericho)

Chai hukimbizwa kiwandani siku ile ile iliyochumwa, kama unavyojua, lakini ikishakaushwa inaweza kukaa ghalani miezi kadhaa bila kupoteza kafeini yake. Miraa ikikaushwa hupoteza sehemu kubwa ya kile kinachotafutwa. Wapo wanaoikausha, hasa Ethiopia, na bidhaa hiyo imewahi kukamatwa Ulaya, lakini ni hafifu ukiilinganisha na mbichi.

Ndiyo maana biashara yote imejengwa juu ya mwendo. Vijana hupanda mitini asubuhi na mapema, vijiti huchambuliwa na kufungwa shambani, na kabla ya jua kuwa kali magari yameshaondoka. Ya kuja huku hushuka kupitia Nanyuki na Nyahururu, na ya nje ya nchi hukimbilia ndege Nairobi. Mkulima hana kiwanda wala ghala, wala hawezi kusema atasubiri bei ipande. Uholanzi ilipopiga marufuku miraa mwaka 2013, na Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, watu wa Meru hawakuwa na namna ya kuweka akiba ya mavuno yao hata wiki moja wakitafuta soko jingine. Somalia ilipozuia ndege za miraa mwaka 2020 hadi 2022, waliumia tena vivyo hivyo.

Naweza kuvuka nayo mpaka kwenda kuwatembelea jamaa Mwanza? (Msomaji wa Migori)

Usithubutu. Tanzania huiita mirungi na kuihesabu miongoni mwa dawa za kulevya, na ukikamatwa nayo utashtakiwa, hata ikiwa ni kifungu kimoja cha kutafuna njiani. Uganda nayo imeiingiza katika sheria yake ya dawa za kulevya, kwa hiyo wa Busia na Malaba wajihadhari pia.

Mume wangu huendesha lori usiku kutoka Nakuru hadi Busia na hutafuna kila safari. Akirudi halali, hali chakula, na siku ya pili huwa mkali kwa watoto. Je, ni miraa? (Mama wa Kakamega)

Mama, dalili ulizozieleza zinalingana na miraa, japo ni daktari tu awezaye kuthibitisha kwa kumpima mwenyewe. Kathinoni inafanana kwa umbo na amfetamini, dawa kali ya kuchangamsha mwili. Husukuma ubongo utoe kwa wingi dopamini, kemikali inayoleta hisia ya raha, na mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda. Njaa na usingizi hupotea, mtu huwa mwingi wa maneno na kujiona hachoki. Usingizi anaoukosa, hata hivyo, mwili bado unaudai. Handasi, yaani ule mchangamko wa miraa, ikimwisha, uchovu ule wote humrudia pamoja na huzuni na hasira, na kwa dereva huenda ukamrudia akiwa bado barabarani. Tafiti zilizofanywa Yemen zimehusisha utafunaji mwingi na mshtuko wa moyo, na wachache wanaotafuna kupita kiasi huanza kusikia sauti au kushuku kila mtu.

Kama ana shinikizo la damu, jambo hili si la kungoja. Mpeleke akapimwe, na amweleze daktari wazi kwamba anatafuna, ni kiasi gani na kwa saa ngapi. Muulize pia kama hunywa pombe ili kuikata handasi apate usingizi, kwani wengi hufanya hivyo, na hapo huwa na matatizo mawili. Zungumza naye siku ambayo amelala vya kutosha, usimkabili jioni anaporudi safarini. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure ya ushauri, namba 1192, nawe unaweza kuipiga hata kama yeye bado hajakubali kwamba kuna shida.